Maswali ya Bustani na Jiko: Mboga za Masika

Barua za toleo hili zinahusu mboga za majani za nyumbani wakati wa masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei. Nyingi zinalalamikia jambo moja bila kulitaja, nalo ni maji kuzidi, iwe kwenye tuta au ndani ya sufuria. Moja imetoka mbali, Marekani, ambako wanaogopa jalidi kuliko mvua.

Nimesia mchicha mara mbili tangu mvua zianze. Unaota vizuri, lakini ikifika siku ya sita unalala chini, shina limesinyaa kama uzi pale linapotoka udongoni. Ni mbegu mbovu au kuna mdudu?
*Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Mbegu haina kosa, kwa sababu imeota. Kwanza tofautisha mambo mawili. Ukikuta mche umelala ukiwa bado mbichi na shina limekatwa wazi, fukua sentimita mbili tatu pembeni yake. Utamkuta sota, kiwavi wa kijivu aliyejikunja, ambaye hula usiku na kujificha mchana. Muue, kisha kagua tuta zima asubuhi mbili tatu mfululizo. Ikiwa shina limesinyaa na kugeuka rangi ya kahawia au nyeusi kwenye usawa wa udongo, kama ulivyoeleza, huo ni kinyausi. Vimelea vyake vinaishi udongoni, na huamka pale maji yanapotuama, miche inaposongamana na samadi inapokuwa bado mbichi. Mara nyingi sababu zote tatu zinakutana kwenye tuta moja.

Usisie tena palepale. Andaa tuta jingine lenye upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Linyanyue sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye njia, na njia yenyewe ichongwe iwe mfereji wenye mteremko kidogo. Tuta la kiangazi, lile la kuchimba chini ili lishike maji, ndilo linaloua mchicha wa masika.

Changanya samadi iliyooza ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa ni ya kuku, weka nusu yake, na iwe imelala mwezi mmoja na nusu au zaidi. Iliyooza utaijua kwa kuishika: haina joto, hainuki, na huwezi tena kutofautisha nyasi na kinyesi.

Mbegu nazo watu humwaga kama wanalisha kuku. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta la mita 1 kwa 3. Changanya na vijiko kumi vya mchanga mkavu ili mkono usikimbie, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15 hadi 20, mwaga humo na ufunike kwa udongo usiozidi sentimita 1. Kwa wiki ya kwanza simamisha kichanja cha makuti chenye mianya, kimo cha goti, kivunje nguvu ya matone. Kisizuie mwanga kabisa, maana miche itarefuka na kulala yenyewe. Kama mvua imenyesha, usimwagilie. Siku ya mvua kukosa, mwagilia asubuhi, si jioni.

Wiki ya pili punguza. Ukitaka kung'oa mchicha mzima, acha sentimita 5 kati ya mche na mche, nao utakuwa tayari wiki ya tatu au ya nne. Ukitaka kukata na kuachia uchipue, acha sentimita 15 hadi 20, kisha wiki ya tano au ya sita kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ukibakiza vifundo viwili au vitatu vyenye macho. Utarudi kukata kila baada ya wiki moja hadi mbili. Miche uliyopunguza usiitupe, ndiyo mchicha laini kuliko wote.

Nina sukuma wiki kwenye magunia mawili hapa ploti. Tangu mvua ndefu zianze majani ya chini yanageuka manjano na yale mapya ni madogo. Jirani ananiambia ni ugonjwa.
*Msomaji, Nairobi*

Angalia umanjano umeanzia wapi. Ukianzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la pembe tatu, huku mishipa ikiwa myeusi, jirani yako yuko sahihi. Huo ni uozo mweusi wa bakteria. Ng'oa mmea wote, usiuweke kwenye mboji, na usipande jamii ya kabichi kwenye udongo huo kwa miaka miwili mitatu. Hauna dawa ya kuponya.

Lakini jani lote la chini likipauka taratibu huku machanga yakibaki kijani ingawa ni madogo, hiyo ni njaa. Mvua kubwa husukuma naitrojeni chini na kuitoa nje ya gunia, na gunia lina udongo mchache wa kuanzia. Chuma yale ya manjano, kisha ulishe. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza: jaza samadi robo ya ndoo, ongeza maji mpaka ijae, funika, koroga kila siku kwa wiki mbili, chuja, halafu zimua mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Mwagia kikombe kimoja kwa kila mmea mara moja kwa wiki, kwenye udongo tu, isiguse majani utakayokula. Ya pili ni CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kijiko kimoja cha chai kwa mmea, sentimita 10 kutoka kwenye shina. Usiiweke siku ambayo wingu limeshaning'inia, la sivyo utakuwa umelisha mtaro.

Angalia pia nguzo ya mawe ya katikati. Udongo ukiwa umeiziba, maji hayashuki. Chomeka chuma kirefu kutoka juu, uzibue. Ukishonea gunia jipya, changanya udongo sehemu mbili, samadi sehemu moja na mchanga mnene nusu sehemu, na matundu ya ubavuni yaachane sentimita 20. Watu hutoboa kila sentimita 10 wakidhani watavuna mara mbili, wakapata majani ya kulisha sungura.

Majani ya nyanya yamekuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndani ya siku tatu nusu ya mimea imekwisha. Nipulizie nini?
*Msomaji, Lushoto*

Hilo ni bakajani chelewa. Kabla ya jua kupanda, geuza jani lenye doa. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa doa upande wa chini, usitafute jina jingine. Linapenda baridi ya milimani na majani yanayobaki na unyevu usiku kucha, linasafiri kwa upepo na matone, na viazi mviringo vya jirani vinalibeba vilevile.

Mimea iliyooza shina ing'oe leo, iwekwe kwenye mfuko na kuzikwa kina cha nusu mita. Iliyobaki, kata majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini, tandaza nyasi kavu chini ili matone yasirushe udongo, na funga kila mmea kwenye mti wake ili upepo upite. Dawa za shaba hukinga jani lililo zima, haziponyi lililoungua, na mvua kubwa huziosha. Soma kibandiko kwa kipimo na kwa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Ushauri wetu hasa, ambao wengi hawaupendi: bustani ya nyumbani Lushoto isipandwe nyanya za masika bila paa la plastiki. Sia kitaluni Mei na uhamishe Juni mvua zikishapungua. Kwa sasa weka figiri, sukuma wiki na nyanya chungu, na nyanya nunua.

Majivu hayazuii konokono. Wanakula miche ya bamia yote.
*Msomaji, Kilifi*

Majivu hufanya kazi yakiwa makavu. Mvua moja na shughuli imekwisha. Yule konokono mkubwa ni mwenyeji wa pwani hii, hutammaliza, ila unaweza kumpunguza mpaka miche ivuke hatari. Toka na tochi kati ya saa mbili na saa nne usiku, vaa mfuko wa plastiki mkononi, uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya chumvi kali. Chumvi isimwagwe kwenye tuta. Mchana laza vipande vya mbao au maganda ya papai pembeni, geuza asubuhi, utawakuta wamejikusanya chini. Ukifukua ukakuta mayai ya manjano hafifu kama shanga, yaponde. Fyeka nyasi mita moja kuzunguka bustani. Bata ni wawindaji hodari, ila waingie bamia ikishafika magotini, maana kabla ya hapo watakanyaga kuliko konokono anavyokula. Majani yenye ute yaoshe moja moja, na usiyale mabichi.

Naomba kuelimishwa kuhusu kisamvu. Mama mkwe husema kichemshwe bila kufunikwa. Wengine humwagia majani maji ya moto kwanza ili yatwangike kirahisi. Na je, blenda inafaa?
*Msomaji, Mtwara*

Mama mkwe ana haki, na wanaomwagia maji ya moto kwanza wanakosea. Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani hilohilo, mahali pengine, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Ukitwanga, viwili hivyo vinakutana, sumu ya sianidi inaachiliwa na kuruka hewani. Sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, kwa hiyo sufuria iliyo wazi huifukuza haraka, na ile iliyofunikwa huirudisha na matone ya mfuniko. Ukiyamwagia majani maji ya moto kabla ya kuyatwanga, unaua kimeng'enya huku linamarini ikibaki palepale. Mboga italainika, na sumu isitoke.

Ufanye hivi. Chuma majani laini ya juu, toa vikonyo, osha. Ulaini usikudanganye: majani machanga huwa na linamarini nyingi kuliko yaliyokomaa, yanapendwa kwa sababu yanatwangika. Twanga dakika kumi hadi yawe kama unga mbichi, kusibaki kipande cha jani kinachoonekana. Tandaza kwenye sinia muda wa saa mbili juani, au saa tano kivulini, kisha osha kwa maji safi mara tatu ukikamua. Bandika kwenye maji mengi yanayochemka, sufuria wazi, dirisha la jiko wazi, kwa nusu saa hadi saa nzima. Hapo ndipo karanga za kusaga au tui linaingia.

Blenda inafaa. Weka maji kidogo tu na usage mpaka iwe laini kabisa, kisha fuata hatua zilezile za kutandaza na kuosha. Kosa la wenye blenda ni kuona mboga imesagika kwa dakika moja wakaipeleka motoni hapohapo, bila kukipa kimeng'enya muda. Na kama muhogo wenyewe ni ile mbegu chungu ya kukausha, majani yake yaache.

Matembele ya nazi ninayopika masika yanakuwa na maji kama supu, na tui linakatika. Kiangazi sipati shida hii.
*Msomaji, Tanga*

Kwa sababu tembele la masika lina maji zaidi, na wewe unapima kama kiangazi. Hatukupi mapishi mapya, tunakurekebishia mpangilio.

Chukua gramu 600 za majani baada ya kuyamenya vikonyo, nazi moja kubwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili na chumvi. Osha majani yakiwa mazima kisha uyaweke kwenye chujio dakika 20. Kata baada ya hapo. Ukikata kwanza ndipo uoshe, unapoteza vitamini kwenye karai na majani yananyonya maji mengine.

Kuna nazi. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uliweke pembeni. Tui la pili usizidishe nusu kikombe. Siku za kiangazi ungetumia viwili. Sasa weka majani kwenye sufuria kavu, bila tone la maji, nyunyiza chumvi, moto mkali, usifunike. Geuza. Baada ya dakika tatu nne utaona maji yanatoka yenyewe na kufunika sakafu ya sufuria, na mlio unabadilika kutoka kutatarika hadi kuchemka. Endelea mpaka yakauke na mlio wa kutatarika urudi. Hapo mboga imepungua hata theluthi moja. Weka kitunguu, nyanya na lile tui jepesi, acha nyanya zivunjike na uji wake ukauke pia.

Punguza moto mpaka uwe mdogo. Mimina tui zito na ukoroge bila kuacha, kwa kuteka kutoka chini na kumwaga juu, dakika tano hadi nane, mpaka livimbe na kushika majani. Epua. Tui hukatika kwa mambo matatu: moto mkali, kuliacha bila kukoroga, na tindikali. Ndimu isiingie sufuriani, ikamuliwe sahanini. Nyanya nazo ziive kabisa kabla, kwani mbichi ina ukali wa kutosha kulikata. Likishakatika hakuna madhara, mafuta yameelea tu, ila wageni wataona.

Na wanaoacha nazi wakidhani mboga tupu ndiyo yenye afya: vitamini A ya majani ya kijani hunyonywa mwilini pamoja na mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta au karanga kinatosha, lakini kisikosekane.

Mnavu wangu ni mchungu hauliki.
*Msomaji, Moshi*

Umechelewa kuuchuma, au una njaa. Mnavu uliokwisha kutoa maua huwa mchungu zaidi. Vunja ncha za sentimita 10 kila wiki, na kila ua unaloliona liondoe. Lisha samadi. Jikoni, chemsha dakika tano hadi kumi, mwaga maji hayo, kisha kaanga na uongeze maziwa, au uchanganye na mchicha nusu kwa nusu. Matunda yakiwa mabichi ya kijani usiyale. Yaliyoiva ponda kwenye maji, acha siku moja au mbili yachache, osha, mwaga mbegu zinazoelea na uanike zilizozama kivulini. Ukisia mbegu zenye utomvu wa tunda bado, zitaota chache.

Natokea Bukavu, sasa niko Columbus, Ohio. Huku ndiyo springi inaanza. Lenga-lenga (mchicha), matembele na sombe (kisamvu) naweza kupanda lini? Mwaka jana nilipanda Aprili, vyote vikafa.
*Msomaji, Columbus*

Vilikufa kwa jalidi, au kwa udongo baridi, ambao huozesha mbegu kabla haijaota. Mwenye kustahimili Aprili ni sukuma wiki, ambayo huko inauzwa kwa jina la *collards*. Huyo mpande sasa, jalidi nyepesi haimtishi.

Lenga-lenga sia ndani katikati ya Aprili, kwenye vikopo dirishani penye jua. Toa nje baada ya katikati ya Mei. Usifuate kalenda pekee: chomeka kipimajoto cha jikoni udongoni kina cha sentimita 5 asubuhi, kikisoma nyuzi 18 au zaidi siku kadhaa mfululizo, panda. Kabla ya hapo izoeshe miche hewa ya nje wiki nzima, ukianza na saa moja kwa siku. Faida ya huko ni kwamba aina nyingi za lenga-lenga hutoa maua siku zinapofupika, kwa hiyo Juni na Julai utakata majani tu.

Matembele anza Machi kwa kulaza kiazi kitamu kwenye udongo wenye unyevu ndani ya nyumba. Nunua kwa mkulima ikiwezekana, maana viazi vingine vya dukani hupakwa dawa ya kuzuia kuchipua. Machipukizi yakifika sentimita 20, yavunje na uyapande nje mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, theluthi mbili ikiwa chini ya udongo. Chuma yote kabla ya jalidi la Oktoba, kwa kuwa usiku mmoja huyageuza meusi.

Sombe usipoteze ardhi, muhogo hautakuwa na miezi ya kutosha. Nunua yaliyogandishwa, na uyachemshe kama tulivyomjibu msomaji wa Mtwara.

Jambo la mwisho ni la usalama. Ikiwa nyumba ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi za risasi za majumbani zilipigwa marufuku Marekani, usipande mboga za majani ukutani kabisa. Rangi iliyobanduka huacha risasi udongoni. Pima udongo, au tumia ndoo za lita 20 zenye udongo wa kununua, zikiwa na matundu matano sita chini.

Magadi kwenye mlenda, ndiyo au hapana?
*Msomaji, Dodoma*

Ndiyo, lakini yasizidi robo kijiko cha chai kwa sufuria ya familia. Magadi huongeza utelezi na kuhifadhi kijani, ila huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kwenye mchicha, matembele na sukuma wiki hayana kazi. Mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi ayaache kabisa, kwani nayo ni sodiamu.